Muuguzi wa cheti na kozi ya vidonda: lipi litangulie

Wauguzi waliomaliza ngazi ya cheti huuliza kama walipie kozi ya utunzaji wa vidonda. Ujuzi wenyewe utafuteni tangu wiki ya kwanza kazini. Karatasi yake inaweza kusubiri, hasa kama ada mliyonayo inatosha kitu kimoja tu.

Katika utumishi wa umma wa Uganda, muuguzi wa cheti yuko ngazi ya mshahara ya U7, na mwenye diploma yuko U5. Kinachompandisha mtu hapo ni diploma, ambayo kwa aliyekwisha kufanya kazi huchukua mwaka 1 na nusu. Kozi ya vidonda haimhamishi ngazi, wala haipanui leseni yake. Kama hukuruhusiwa kukata nyama iliyokufa kwa kisu jana, cheti cha kozi fupi hakikuruhusu leo. Mwenye ada ya kitu kimoja asome diploma kwanza.

Matangazo ya mitihani ya Marekani yasomeni kwa makini. Huko kuna vyeti viwili vya utunzaji wa vidonda, WCC na CWCN. Mtihani wa WCC uko wazi hata kwa LPN, muuguzi wa ngazi inayokaribiana na ya cheti. Wa CWCN unadai muuguzi aliyesajiliwa mwenye shahada. Vyeti vyote viwili huhuishwa kila miaka 5, kwa gharama. Mtu anayejiandaa kufanya kazi huko ana sababu ya kuvifikiria. Kwa anayebaki Uganda, Soroti au Kabale, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Anayestahili kozi sasa ni yule anayefunga vidonda kila siku, iwe wodi ya upasuaji, ya walioungua, au kliniki ya kisukari, tena chini ya mtu anayemsahihisha. Bila hao wagonjwa, yaliyosomwa husahaulika haraka.

Wakati unasubiri, jenga mkono. Anza na kipimo, kwa kuwa ndicho kinachorukwa zaidi. Pima urefu kwa mwelekeo wa kichwa hadi miguu, kisha upana unaoukata kwa pembe mraba, kisha kina kwa kijiti safi cha pamba. Andika kwa sentimita, kila wiki, mgonjwa akiwa amelala vilevile. "Kidonda kinaendelea vizuri" si rekodi, maana anayekupokea zamu hawezi kulinganisha na chochote. Kidonda cha mguu wa kisukari ambacho hakijapungua eneo kwa nusu ndani ya wiki 4 kina nafasi ndogo ya kupona kwa njia ileile. Hapo rudi kwenye chanzo: damu inafika? Kiatu bado kinabana? Sukari iko wapi? Kuna mfupa uliooza chini?

Kusafisha ni mgandamizo kuliko dawa. Sirinji ya mililita 20 hadi 35 yenye mrija wa kanula wa geji 18, sindano ikiwa imetolewa, huisukuma salaini (maji ya chumvi) ya 0.9% kwa nguvu inayong'oa uchafu bila kuumiza nyama. Vaa kinga ya macho, kwa sababu maji hurudi. Haidrojeni peroksaidi kwenye nyama mpya nyekundu huua seli zilezile unazozingojea. Gozi kavu nayo hushikamana na nyama hiyo, na ukiibandua unararua kazi ya siku tatu. Weka gozi ya parafini chini yake, na siku ya kubadilisha, ilowe salaini kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kuigusa. Mgonjwa asipopiga kelele siku hiyo, atarudi siku nyingine.

Kufunga bandeji ya kubana mguu uliovimba ndiko kunakoweza kumfanya mgonjwa apoteze mguu. Kabla ya kubana, linganisha shinikizo la damu la kifundo na la mkono kwa dopla, kifaa kinachosikiliza mtiririko wa damu. Gawanya la kifundo kwa la mkono: uwiano ukiwa chini ya 0.8, usibane kwa nguvu kamili. Chini ya 0.5, mpe rufaa haraka. Kwa mwenye kisukari usiridhike na namba kubwa, maana mishipa iliyokakamaa hutoa uwiano unaopita 1.3 hata damu ikiwa haifiki. Kituo kisicho na dopla kisibane. Mguu uinuliwe na mgonjwa apelekwe panapopimwa.

Vitabu vingi vinaeleza kidonda cha kulalia kwa rangi nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Gusa kiunoni, visigino na nyonga: tafuta joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, na uulize maumivu. Ukisubiri rangi, ngozi itakuwa imekwisha kuchubuka.

Na kidonda kisichouma, kingo zake zikiwa na pango chini ya ngozi, kisichukuliwe kuwa cha kawaida: huenda ni kidonda cha Buruli, ugonjwa wa bakteria. Kilipewa jina la eneo la Buruli, Nakasongola, na daktari mmisionari Albert Cook alikwisha kukieleza katika hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Tiba yake ni rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8. Kufunga gozi pekee kunampotezea mtu muda huku ngozi ikiliwa ndani kwa ndani. Kovu la moto la zamani lililofunguka tena na kukataa kupona nalo lipelekwe likatwe kipande cha kupima saratani.

Siku ya kulipia kozi ikifika, uliza mambo matatu kabla ya kutoa shilingi: ni saa ngapi za kitandani kwa mgonjwa, nani anasimamia, na kama Baraza la Wauguzi na Wakunga linaihesabu kozi hiyo katika masomo endelevu ya kuhuisha leseni. Anayekujibu kwa video pekee, mwache.