ZZ yangu inageuka njano na maji naipa kila siku, shida nini?

SWALI: Habari mtaalamu, niko Tabata, Dar. Nina ZZ, ule mmea wa ndani wenye majani ya kung'aa, miezi mitatu sasa, ndo mmea wangu wa kwanza, nimeuweka sebuleni kwenye chungu cha kauri. Majani yanageuka njano na shina moja limelegea huku chini. Namwagilia kila asubuhi. Jirani kasema niweke maji ya sukari, aliyeniuzia anataka ninunue busta, yaani mbolea ya chupa ya kukuzia mmea, ya elfu kumi. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, usinunue kitu, na hayo maji acha leo leo. Mmea wako hauna kiu, unaoza. Kila wiki naletewa ZZ kitaluni ikiwa hoi na mwenyewe ananiambia "mbona namwagilia", jamani, ndo shida yenyewe hiyo! Watu wameaminishwa jani la njano ni kiu basi wanaongeza maji, kumbe mizizi ikikaa kwenye tope inakosa hewa inakufa, na ikishakufa jani halipati kitu hata kama chungu kimejaa mpaka juu.

ZZ ni mmea wa kwetu, unaota wenyewe porini kuanzia Kenya, kuja Tanzania na Zanzibar mpaka Afrika Kusini, na huko nani anaumwagilia kila asubuhi? Kiangazi unakula akiba ya maji iliyoko kwenye viazi vyake chini ya udongo. Ung'oe uone. Kiazi kizima ni kigumu kama mbatata, kilichooza ukikibonyeza kidole kinazama, yanatoka maji ya kahawia yananuka kama mtaro. Vilivyooza kata vyote, vizima viache kivulini siku mbili vidonda vikauke, halafu panda upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa chenga kubwa, chungu kiwe na tundu chini maana hivyo vya kauri vingi havina. Vaa glavu, utomvu wake unawasha, na watoto wasitafune majani. Ukishapanda kaa wiki nzima bila maji, baada ya hapo chomeka kijiti mpaka chini, kikitoka kikavu kabisa ndo umwagilie, kwa joto la Dar ni kama wiki mbili tatu, masika hata mwezi.

Sukari itakuletea sisimizi na ukungu tu. Na hizi busta kwa kweli zinaniuma, maana mbolea yoyote ukiimwagia mizizi inayooza unaimalizia kabisa, halafu mtu anarudi kuuziwa chupa ya pili. Kuna mama kaniletea chupa haina hata lebo, keshaimwaga kwenye vyungu sita, namuuliza mle ndani kuna nini, hajui, na muuzaji hakumwambia. Anayekuuzia akishindwa kukutajia kilichomo, kipimo chake na mmea gani kinaufaa, mrudishie chupa yake. Hiyo elfu kumi tafutia mchanga na chungu chenye tundu, na chenji itabaki.