Risasi ya polepole kwenye .300 Winchester Magnum

Kaka, umeuliza kama ukipunguza baruti kwenye .300 Winchester Magnum, ile risasi kubwa ya kuwindia, ili risasi isivuke kasi ya sauti, utawinda kimya kimya. Mlio utapungua, ila nyama sahau.

Kwa joto la Dar la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Kichwa, yaani kile kipande cha risasi kinachoruka, cha gramu 11.7 kikitoka kwa mita 900 kwa sekunde kina nishati ya jouli kama 4,700. Kwa mita 320 kwa sekunde zinabaki 600 hivi. Tena vichwa vingi vya kuwindia havifunguki na kutanuka vikigonga mnyama kwa mwendo huo. Vinatoboa tundu dogo, mnyama anakimbia na jeraha akafie porini. Mimi hilo silikubali. Na kwenye umbali wa mita 100 tu risasi imeshashuka karibu nusu mita.

Halafu lile ganda kubwa la .300 Winchester Magnum linalobeba baruti: baruti kiduchu inalala chini kama chumvi kwenye debe, leo inashika moto vizuri, kesho vibaya. Ikishindwa kusukuma, kichwa kinakwama ndani ya mtutu, ukifyatua nyingine bunduki inapasuka usoni.

Wanaotaka utulivu hutumia .300 Blackout, aina nyingine ya risasi, ganda lake dogo. Hata hiyo ni ya karibu sana.