Jibu: Mwanasiasa wa mjini kuwa jaji wa shirikisho Marekani
Ndugu, umeuliza kama mwanasiasa wa mjini anaweza kuwa jaji wa shirikisho Marekani. Inawezekana kabisa, na mfano ninaouheshimu sana ni wakili Constance Baker Motley. Mwaka 1964 aliingia Seneti ya jimbo la New York, mwaka uliofuata akaongoza wilaya ya Manhattan. Januari 1966 Rais Johnson akamteua kuwa jaji wa shirikisho. Seneta Eastland, mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayopitia majaji, wa Mississippi, jimbo ambako mama huyu alimpigania mahakamani mwanafunzi mweusi James Meredith mpaka akaingia chuo kikuu, akamwekea kauzibe hadi Agosti. Akapita, mwanamke mweusi wa kwanza kushika kiti hicho. Lakini siasa ilikuwa miaka miwili tu. Uzito wake ulitoka kwenye uwakili: kesi 10 mbele ya Mahakama ya Juu, akashinda 9.