Kibodi ya Skrini Inapogoma: Niliyojifunza Mezani pa Steshenari

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiendesha steshenari ndogo mjini Tanga, kazi kubwa ikiwa ni kuchapa barua, kutoa nakala, na kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mkopo wa elimu ya juu kwenye intaneti. Kibodi ya skrini, yaani ile inayochorwa kwenye kioo na kubonyezwa kwa kidole au kwa kipanya, niliizoea kwa kulazimika. Chai ya maziwa ilimwagikia kompyuta mpakato ya ofisi, na asubuhi yake vitufe saba vilikuwa vimekufa, cha A kikiwemo. Kiswahili hakiandikiki bila A. Kwa wiki tatu, nilipokuwa nikisubiri kibodi nyingine iletwe kutoka Dar es Salaam, nilichapa kila kitu kwa kubofya kwenye skrini, na katika wiki hizo nilikutana na kasoro nyingi ambazo watu wananiletea hadi leo.

Jambo ninalotamani kila mtumiaji alijue ni kwamba ni mara chache sana programu yenyewe ya kibodi kuwa imeharibika. Mara nyingi kuna chaguo moja, mahali fulani kwenye mipangilio, lililobadilishwa na mtu bila kujua, pengine kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja kwa bahati mbaya. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewahi kumpokea mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amelipia kufutiwa kompyuta nzima na kuwekewa Windows upya, akapoteza rasimu ya utafiti wake, kwa tatizo ambalo lingeondoka kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi.

Kwanza ujue ni kibodi ipi unayoitazama. Windows 10 na Windows 11 zina kibodi mbili za skrini, na ushauri unaofaa kwa moja haufai kwa nyingine. Ya kwanza ina sura ya kibodi kamili yenye Ctrl, Alt na Esc, na iliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kutumia kibodi ya kawaida. Hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na O kwa pamoja, au kwa kuandika osk katika kisanduku kinachofunguka kwa Windows na R. Ya pili ni ya kugusa, ina vitufe vikubwa na emoji, na huchomoza yenyewe kwenye kompyuta zenye skrini ya mguso. Anayelalamika kwamba kibodi haichomozi yenyewe anazungumzia hii ya pili. Dawa yake imo kwenye mipangilio ya saa na lugha, sehemu ya uchapaji, ambapo Windows 11 hukuuliza kama kibodi ya kugusa ionekane wakati wote, isionekane kamwe, au ionekane pale tu ambapo hakuna kibodi nyingine iliyounganishwa. Chaguo hili la mwisho huwatatiza wengi, kwa kuwa hata kile kidude cha USB cha kipanya kisicho na waya kinaweza kuhesabiwa na kompyuta kuwa ni kibodi. Kichomoe, kisha ujaribu tena.

Nimeona watu wakishauriwa waandike osk ilhali vitufe vya O, S na K ndivyo vilivyokufa. Kama hali yako ni hiyo, tumia kipanya: fungua Mipangilio, ingia kwenye sehemu yenye alama ya kamtu kaliyonyoosha mikono, halafu kwenye kibodi, na hapo utakuta swichi ya kibodi ya skrini. Ukiwa umekwama hata kabla ya kuingia, kwenye ukurasa unaodai nenosiri, alama hiyo hiyo iko pembeni chini upande wa kulia katika Windows 11, nayo itakufungulia kibodi uandike nenosiri kwa kubofya. Tofautisha, hata hivyo, kitufe kilichokufa na kitufe kilichonasa. Kilichokufa hufidiwa na kibodi ya skrini bila shida. Kilichonasa kinaendelea kutuma herufi yake kwa kompyuta muda wote, na hakuna programu ya skrini itakayokinyamazisha. Hapo mpelekee fundi achomoe utepe wa kibodi ndani ya mashine, ndipo uendelee na ya skrini kwa utulivu.

Ziko tabia zinazodhaniwa kuwa ni virusi na sivyo. Ukiona safu za vitufe zinawaka moja baada ya nyingine bila kuguswa, mtu amechagua hali ya kupekua vitufe, ambayo ni msaada mkubwa kwa mwenye uwezo wa kubonyeza kitu kimoja tu. Fungua kitufe cha chaguo upande wa kulia wa kibodi hiyo na urejeshe kubofya. Ukibofya Shift mara moja ikabaki imewaka, hiyo ndiyo kazi yake, kwa sababu kipanya hakiwezi kushika vitufe viwili kwa wakati mmoja. Itazimika yenyewe baada ya herufi inayofuata. Kama F1 hadi F12 hazionekani, bofya Fn, nazo zitachukua nafasi ya tarakimu.

Suala linalonipa wateja wengi zaidi ni mpangilio wa vitufe. Mtu anabonyeza alama ya @ ili aandike anwani ya barua pepe, inatoka alama ya kufungua usemi. Kompyuta nyingi zinazoletwa kwetu zimekwisha kutumika nje, na vitufe vyake vimechapwa kwa mtindo wa Uingereza au wa Marekani, huku Windows iliyomo ikiwa imewekewa mtindo ule mwingine. Katika mtindo wa Uingereza, Shift na 2 hutoa alama ya usemi. Katika ule wa Marekani hutoa @. Ndugu yangu aliyenunua mashine Bujumbura alipambana na jambo kubwa zaidi, kwa sababu yake ilikuwa ya mtindo wa Kifaransa, ambamo A hukaa mahali pa Q, M huhamia kulia kwa L, na tarakimu hazitoki bila Shift. Hapa kibodi ya skrini inakuwa shahidi wa kweli, hata kwa mtu asiyetaka kuandikia: hukuonyesha mpangilio ambao kompyuta inaamini unautumia, bila kujali kilichochapwa kwenye plastiki. Ninapoletewa kompyuta yenye malalamiko ya herufi kuvurugika, kitu cha kwanza ninachofungua ni kibodi ya skrini, kisha ninabonyeza Windows na nafasi, mpangilio mmoja baada ya mwingine, huku nikitazama herufi zinavyohama, hadi zilingane na plastiki. Mpangilio usiohitajika ninaufuta kabisa kwenye mipangilio ya lugha, kwa maana ukiachwa utarudi siku utakapobonyeza vitufe hivyo kwa bahati mbaya.

Kuna mpangilio mmoja ambao waandishi wa Kiswahili tunapaswa kuufahamu kwa jina lake, nao ni ule wa Marekani wa kimataifa. Ndani yake ritifaa, yaani alama ya ', haitoki papo hapo. Husubiri herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu hukaa juu yake kama kishada. Matokeo yake ni kwamba ng'ombe anageuka ngómbe, na ng'ambo inageuka ngámbo. Nilichapa hati nzima ya mauzo ya mifugo kwa namna hiyo na sikugundua mpaka mteja aliponionyesha. Ukilazimika kuutumia, bonyeza ritifaa kisha nafasi, ndipo uandike irabu. Mimi nashauri uufute na ubaki na mpangilio wa kawaida wa Marekani, kwa sababu Kiswahili hakihitaji vishada, na ritifaa katika ng' si pambo: hutenganisha sauti mbili tofauti kabisa za lugha yetu.

Wakati mwingine kibodi zote mbili, ya plastiki na ya skrini, hukataa kuandika kwenye kisanduku cha utafutaji cha Windows lakini zinaandika vizuri kwingineko. Fungua kisanduku cha Windows na R, andika ctfmon.exe, kisha bonyeza Enter. Hiyo ni programu ndogo inayosimamia uingizaji wa maandishi, na ikizimika, baadhi ya visanduku huwa viziwi.

Kwenye simu za Android, mambo huwa mepesi zaidi kuyatengeneza. Kibodi isipotokea, zima Bluetooth kwanza, maana simu iliyoungana na kibodi ya nje huweza kuificha ya skrini. Kwenye Gboard, yaani kibodi ya Google, ikitokea ikiwa ndogo na imeegemea pembeni, gusa alama ya kuipanua iliyo kando yake; ikiwa inaelea katikati ya ukurasa, ishike kwa mpini wake wa chini na uivute hadi chini ya skrini. Ikifunguka na kujifunga, ingia kwenye Mipangilio, kisha programu, kisha Gboard, na kwenye hifadhi ufute akiba peke yake. Kufuta data yote ni hatua nyingine, kwa sababu maneno ambayo kibodi imejifunza kutoka kwako yanaweza kupotea. Usiifikie mpaka umekwisha kuisasisha programu, kuiwasha simu upya, na kuhakikisha kwamba nafasi ya kuhifadhi haijajaa.

Lililo zito kwangu kwenye simu ni usahihishaji wa kiotomatiki. Niliwahi kuandika rambirambi kwenye kundi la familia, nikiwa na huzuni na haraka, na neno poleni likatoka pollen. Waliofiwa hawakusema kitu, lakini niliumia, na tangu siku hiyo sipuuzi tena jambo hili. Kibodi iliyowekewa Kiingereza pekee huliona kila neno la Kiswahili kuwa ni kosa la Kiingereza, kwa hiyo kama inageuka karma, na hata inageuka hats. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za Gboard, na uache Kiingereza kiwepo kama unachanganya lugha, kwani inaweza kuzishughulikia zote mbili pamoja. Hata hivyo usitegemee kwamba kila neno litatambuliwa. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati, urejeshi na mtendwa ndani ya neno moja, na orodha yoyote ya maneno, hata ikiwa ndefu namna gani, itapungukiwa na umbo kama nitakapowasimulia. Kwa sababu hiyo ninazima kugeuzwa kwa maneno bila idhini yangu, na ninabakiza ule mstari wa mapendekezo juu ya vitufe, ili uamuzi ubaki kwangu. Majina ya watu na ya vijiji nayaingiza kwenye kamusi binafsi.

Kibodi za mapambo, zenye picha za maua na taa zinazometa, nawasihi watu waziepuke. Unapoiwasha kibodi mpya, Android yenyewe hukuonya kwamba inaweza kukusanya kila unachoandika, yakiwemo manenosiri, na onyo hilo ni la kuchukuliwa kwa uzito na yeyote anayehifadhi fedha kwenye simu. Vivyo hivyo, kubofya nenosiri kwenye skrini ya kompyuta ya ukumbi wa intaneti hukukinga dhidi ya kifaa kilichopachikwa kwenye waya wa kibodi, lakini hakukukingi dhidi ya programu ya siri inayopiga picha skrini.

Mwisho nizungumzie mama yangu, aliyepata kiharusi na mkono wake wa kulia ukadhoofu. Anaweza kusogeza kipanya kwa mkono wa kushoto, ila kubofya kunamchosha. Katika chaguo za kibodi ya skrini ya Windows kuna hali ya kuelea, ambapo kishale kikitulia juu ya kitufe kwa muda uliowekwa, herufi hujiandika. Siku za mwanzo herufi zilimjia zisizotakiwa, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi kuliko mwendo wa mkono wake, naye akataka kuacha. Niliurefusha hadi sekunde mbili, nikaivuta kibodi kwa pembe yake mpaka ikajaza nusu ya skrini, na nikazima mapendekezo ya maneno, kwani yalimjia kwa Kiingereza. Sauti ya kubofya nilitaka kuizima pia, akanikataza, kwa sababu ndiyo inayomjulisha kwamba herufi imeingia. Sasa anamwandikia kaka yake wa Pemba peke yake, kila Ijumaa.