Kijiji kimeandikwa "ST 0", je hakina matabaka?

SWALI: Habari mhariri, huwa napenda kusoma takwimu za vijiji vidogo vya India. Kila kijiji utakuta idadi ya watu, afu watoto wa miaka 0 hadi 6 peke yao, afu SC, afu ST, afu wanaojua kusoma. Hizo SC na ST ni nini, na kijiji chenye ST sifuri ndo hakina matabaka? Na watoto mbona wanatengwa?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na watoto maana hapo ndo panaponiuma. Sensa ya India inapima kusoma na kuandika kuanzia miaka 7, kwa hiyo ukitaka asilimia unatoa watoto kwanza. Chukua kijiji cha mfano, watu 600, watoto 100, wanaojua kusoma 350: unagawa kwa 500, unapata 70, sio 58.

Lakini safu hiyo ya watoto ina kingine. Sensa ya 2011 ilikuta wanawake 943 kwa kila wanaume 1000 nchi nzima, ila kwa watoto wa 0 hadi 6 wasichana walikuwa 919 tu kwa wavulana 1000, na jimbo la Haryana 834. Wengi wa hao wanaokosekana hawakupewa hata nafasi ya kuzaliwa, mama alipigwa ultrasaundi, ikaonekana wa kike, mimba ikatolewa, na hii iliendelea wakati kuna sheria ya tangu 1994 inayokataza kumwambia mzazi jinsia ya mtoto aliye tumboni. Ila usihukumu kijiji kimoja, kwenye watoto 100 wakiwa wavulana 55 na wasichana 45 uwiano ni 818, wakiwa 50 kwa 50 ni 1000, yaani watoto watano tu wamebadilisha picha yote. Angalia wilaya nzima.

SC (Scheduled Castes, yaani matabaka yaliyoorodheshwa) ni jamii za chini kabisa zilizokuwa zinaitwa "wasioguswa", wengi siku hizi wanajiita Dalit. ST (Scheduled Tribes, makabila yaliyoorodheshwa) ni makabila ya asili, Adivasi. Mwaka 2011 SC walikuwa asilimia 16.6 ya Wahindi wote na ST 8.6. Sifuri kwenye ST maana yake hakuna watu wa makabila yaliyo kwenye orodha ya serikali, basi. Matabaka yapo palepale, manake hao "wengine", yaani wasio SC wala ST, ndani yao kuna Brahmin (tabaka la makuhani), kuna wenye mashamba, kuna wafinyanzi na vinyozi, na sensa ya 2011 iliwaweka wote kapu moja. Hata Dalit aliyekuwa Mkristo au Mwislamu anaingia humo, kwa sababu orodha ya SC inawatambua Wahindu, Masingasinga na Wabudha tu.

Na SC sio namba ya mapambo. Vijiji vingi nyumba zao zimejengwa pembeni, mtaa wao peke yao, na kisima chao. Tangu marekebisho ya 73 ya katiba, ya 1992, viti vya SC na ST kwenye baraza la kijiji vinatengwa kulingana na idadi yao, na wanawake wanapata angalau theluthi moja, kwa hiyo karani akikosea kuhesabu kuna mtu anakosa kiti.

Mara ya mwisho matabaka yote kuhesabiwa kwenye sensa kamili na kutangazwa ilikuwa 1931, enzi za Waingereza. Sensa ya 2027 imepangwa kumuuliza kila mtu tabaka lake, hapo lile kapu la "wengine" ndo litafunguliwa.