Mke amechoka kusimamishwa juani, nawe unaita hilo sanaa?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi South B na mke wangu na watoto wetu wawili. Napenda sana kupiga picha. Tukipata wikendi ndefu huwa namtoa mke wangu: tumeenda Naivasha, Nanyuki, Kisumu, na Agosti tulishuka Mombasa kwa SGR. Gharama zote ni zangu. Mwaka huu nilinunua kamera nzuri na lenzi pana kwa mkopo wa SACCO (mke wangu ni mmoja wa wadhamini).*

*Shida ni kwamba hathamini. Hell's Gate kule Naivasha nilimwomba apite na baiskeli mbele ya mwamba wa Fischer's Tower mara chache tu, nipate pundamilia nyuma yake, akaitupa baiskeli chini. Fort Jesus ndiko alikonitia aibu. Tuliingia saa nne, nikawa nasubiri mwanga mzuri, kufika saa nane akaanza kulalamika njaa mbele za watu. Kulikuwa na mabinti wawili kutoka Nakuru waliovutiwa na kamera, nikawasaidia kwa picha mbili tatu na kuwaonyesha inavyofanya kazi. Mke wangu akanuna bila sababu hadi usiku.*

*Anasema namnenepesha kwenye picha, na zile za baharini eti namfanya mweusi tititi. Ukweli ni kwamba hasimami ninapomwambia. Yeye mwenyewe hukata watu vichwa, ndiyo maana simpi kamera. Ajabu ni kwamba picha tuliyopigwa na muuza madafu pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, kwa simu ya mke wangu iliyopasuka kioo, ndiyo aliyoiweka WhatsApp, na watu wakaisifu kuliko zangu zote.*

*Sasa ametangaza kwamba Desemba anaenda Lamu na dada yake, mimi nibaki na watoto. Nashuku dada mtu ndiye anayemharibu. Nimfunzeje kuthamini sanaa, ama niwe nasafiri peke yangu?*

*Mpiga Picha, South B*

Marahaba mwanangu, na pole. Kununiwa safarini kunauma, hasa ukiwa umeshalipia chumba. Nakupa na haki yako pia: unamtoa mkeo nyumbani. Wapo waume tele hapa Nairobi ambao safari ndefu waliyowahi kufunga na wake zao ni ile ya kupeleka mahari. Hao umewashinda. Sasa kaa chini, maana sifa zimeisha.

Kuna jambo katika barua yako halikai sawa. Unasema mliingia Fort Jesus saa nne ukasubiri mwanga mzuri hadi saa nane. Mwanga gani huo? Mombasa iko karibu na ikweta. Saa sita na saa saba jua liko utosini. Paji la uso linang'aa, macho yanabaki mashimo mawili, kivuli cha pua kinaangukia mdomoni. Mwanga unaosubiriwa na wapiga picha huja asubuhi na mapema, kisha huja tena jioni kuanzia kama saa kumi na moja, na kwetu huku haukai kwa sababu jua huzama wima. Ukiinama kufunga kamba za viatu, limekwenda. Mtu aliyekopa pesa kununua lenzi analijua hilo vizuri kuniliko. Kwa hiyo muda wote ule hukuwa unasubiri mwanga.

Ulikuwa na mabinti wa Nakuru.

Sisemi ulifanya uovu. Nasema mtu anayesaidia kwa picha mbili tatu hupiga picha mbili tatu, akarudisha simu ya watu, akaenda zake. Wewe ulifungua darasa. Kamera ambayo mkeo haruhusiwi kuishika kwa sababu "hukata watu vichwa" ikashikwa na watu usiowajua hata majina, tena ukiwa umesimama karibu kuwaelekeza kidole kikae wapi. Na mdhamini wa mkopo wa kamera hiyo ni nani? Ni huyo aliyekuwa pembeni, nina hakika, ameshika begi lako. Ukishindwa kulipa, SACCO haitapiga simu Nakuru. Itaigusa akiba ya mkeo. Halafu unaniandikia kwamba alinuna bila sababu! Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na walikuwa hawajaona hata kamera.

Hukuniambia kama uliwatumia picha zao. Wala sihitaji kuambiwa. Za wageni hutumwa jioni hiyo hiyo. Za mke huwa "bado zinahaririwa" mpaka Pasaka.

Tuje kwa hili la kunenepeshwa, maana hapa mkeo hasemi kwa hasira, anasema kweli. Lenzi pana humvuta yeyote aliye ukingoni mwa picha. Mkono hunenepa, nyonga hupanuka, uso huenda upande. Wewe unataka lango lote liingie, na ukuta, na mawingu, kwa hiyo mke unamsukuma pembeni asikuzibie. Umemfanya rula ya kupimia urefu wa ngome, kisha unashangaa katoka amepinda. Mweke katikati usimsogelee sana, ama uvishe kamera yako lenzi nyingine.

Na weusi tititi? Ulimsimamisha bahari ikimeta mgongoni kwake, kamera ukaiacha ijipimie mwanga yenyewe. Kamera ikiona weupe wote ule wa maji na anga hupunguza mwanga, na anayelipa ni uso wa mtu mweusi aliye mbele. Ungepima mwanga wa uso wake kwanza. Ama ungemwingiza kivulini, chini ya tao la lango, atazame nje, angetoka uso umetulia na rangi yake mwenyewe, dada yake angeomba nakala. Ndiyo, Shangazi anayajua haya. Msidhani huku tunajua chungu na mwiko tu. Lakini wewe kila picha ikiharibika ni kwa sababu yeye "hasimami ninapomwambia". Nyani haoni kundule.

Hell's Gate nako nimekushangaa. Ni mojawapo ya mbuga chache hapa Kenya ambako mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Watu huenda kule wapige kanyagio hadi kwenye korongo, jasho liwatoke, wacheke ngiri wanavyokimbia mikia juu. Fischer's Tower iko karibu tu na lango la kuingilia. Maana yake mkeo alilipiwa kiingilio, akakodishiwa baiskeli, akaishia kuzungushwa hapo mlangoni akingoja pundamilia ajipange. Kuitupa baiskeli chini ilikuwa adabu. Mimi ningekuachia wewe na pundamilia wako.

Sasa nifike panapokuuma hasa, ambapo umepataja kwa mstari mmoja ukijifanya ni ajabu tu. Ile picha ya muuza madafu. Barua yote hii, mwanangu, umeiandika kwa sababu ya picha hiyo. Umekopa, umepanda treni, umepanda mlima, umelala chini kwenye vumbi, halafu mtu mwenye panga mkono mmoja akabonyeza simu iliyopasuka kioo na dunia nzima ya WhatsApp ikapiga makofi. Inauma, naelewa. Lakini hebu jiulize walisifu nini. Kwenye mamia ya picha zako zote za Naivasha na Nanyuki na Kisumu, wewe hupo. Yupo mke amesimama peke yake mbele ya kitu, amekodoa macho, anangoja umalize. Kwa muuza madafu ndiko mlikoonekana wawili, na kwa mara ya kwanza mikono yako ilikuwa mitupu. Nadhani hata ulikuwa umemshika bega. Watu waliona mume na mke wako safarini. Zile nyingine zinaonyesha mwanamke aliyepotea karibu na jengo.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu na nimechoka nao. Harusini mpiga picha ndiye anayetawala, mchungaji anangoja. "Bwana harusi, mwangalie machoni. Bibi harusi, cheka kidogo." Wanatazamana, wanacheka, kamera ikishushwa kila mmoja anachungulia simu yake. Filamu ya zamani ilikuwa na picha 36, mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Wazazi wenu wakija mjini walisimama Uhuru Park mbele ya wale wapiga picha wa pale, wakaambiwa sogeeni karibu, baba akasogea kwa aibu, wakapigwa moja, jengo la KICC likichungulia nyuma. Moja tu! Na iko ukutani hadi leo, imepauka, na kila mtoto wa boma hilo anajua siku ile walikula nini na nani alipoteza kiatu kituoni. Leo mtu anarudi Naivasha na picha elfu moja, ukimuuliza samaki alikuwaje, anafungua simu atafute. Wengine hata hawasafiri ili wafike. Husafiri ili majirani wa Embakasi wajue wamefika. Nimetoka nje ya barua, najua, lakini ilibidi.

Nirudi Mombasa. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593. Imepigwa mizinga, imetekwa na kutekwa tena, imekuwa gereza, na tangu 2011 iko katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Haiendi popote. Anayeweza kuondoka ni mkeo, na ameshakutajia mwezi. Siku nyingine uwe langoni saa mbili asubuhi, piga kuta zako kabla jua halijapanda, saa nne funika lenzi. Kuanzia hapo mpaka jioni huna kazi ya kamera, hata sanaa yenyewe haikuruhusu. Huo ni muda wa mkeo. Mpeleke Mji wa Kale mle viazi karai na mahamri kwa mbaazi, akitaka kununua leso asimame dukani nusu saa akibadilisha mawazo, nawe ungoje kama alivyokungoja.

Dada mtu mwache kabisa. Hajamharibu mtu. Amemwambia tu twende mahali tukae, na neno hilo wewe hujawahi kulisema. Lamu mjini hakuna magari ya kuwakimbiza, vichochoro ni vyembamba, na milango ile ya kuchongwa, naona hata sasa umeshaanza kuiota na lenzi yako pana. Ndiyo sababu hukualikwa.

Kuhusu kusafiri peke yako, nenda ukitaka. Nakuru si mbali, matatu zipo kila saa. Ila usiniandikie tena.

Ukiamua kubaki na ndoa yako, usiku wa leo mtumie mkeo picha zake zote za Mombasa, zilizohaririwa na ambazo hazijaguswa. Achague mwenyewe. Atakazosema zifutwe, zifutwe, hata kama mawingu yalikaa vizuri. Namba za wale mabinti unajua pa kuzipeleka. Jumamosi mwende na watoto Giraffe Centre kule Lang'ata, kamera aishike yeye, wewe kazi yako iwe kulisha twiga. Akikukata kichwa akabakiza cha twiga, usifungue mdomo kumsahihisha, mpongeze twiga.

Desemba ubaki na watoto kama ulivyoagizwa. Ukiona huwezi kuvumilia, mpigie shemeji yako umwombe kwa heshima uandamane nao, ukimwambia mapema kwamba begi la kamera linabaki South B. Akikubali, utabeba mizigo yao. Akikataa, kaa hapo ulipe mkopo.