Ulipoumwa mara ya mwisho ulimeza dawa gani?

Mdomo wangu wa chini una doa jeusi, na hapa Wete, Pemba, doa hilo limeshapewa kila jina. Homa ya mdomo. Fangasi. Upungufu wa vitamini. Rangi ya mdomo ya bei rahisi. Shoga yangu mmoja aliamini ni jicho la mtu, na wako walioshusha sauti wakayataja yale maradhi makubwa. Kumbe ni aleji ya dawa, na dawa yenyewe ni Septrin, dawa ya salfa ya kuua vijidudu, ambayo sidhani kama kuna nyumba hapa haijapata kuimeza. Naandika kwa sababu kila nikikaa na watu namkuta mwenye doa kama langu, na mara nyingi anapaka hiki na kile juu yake huku anaendelea kumeza kinacholileta.

Kwangu ilikuwa hivi. Nikiumwa na mkojo wa kuchoma au tumbo la kuendesha, napewa Septrin. Nameza asubuhi, jioni haijafika mdomo umeshaanza kuwaka. Unaiva wekundu, unavimba, unatoa lengelenge, lengelenge linapasuka na kuacha kidonda ambacho hata chai ya vuguvugu inakichoma. Baada ya wiki moja au mbili kinapona, na kila kikipona doa linazidi weusi. Maradhi mengine ya mdomo hutembea, leo shavuni, kesho ulimini. Hili langu halihami. Nilipovuka kwenda Unguja kumwona daktari wa ngozi, hilo la kutohama ndilo lililomfanya aweke kalamu chini.

"Dada, mdomo unapoanza kuwaka, huwa umetoka kuumwa?"

"Ndiyo, dokta."

"Ukameza nini?"

Nikamtajia. Akauliza safari ya kabla ya hiyo, na ya kabla yake tena. Jawabu likawa moja.

Alinieleza kwamba kinga ya mwili ikishaikataa dawa, baadhi ya chembe zake hubaki ndani ya ngozi mahali palipoumia mara ya kwanza. Dawa ikirudi, zinaamka papo hapo, mara nyingi kati ya dakika 30 na muda wa saa 8 baada ya kumeza. Ndiyo maana panapowaka ni pale pale. Mtu akiendelea kuimeza, madoa yanaweza kuongezeka na kutokea sehemu nyingine. Midomo na sehemu za siri ndizo zinazoshikwa sana. Hizi za siri nazitaja kwa makusudi. Nimesikia nyumba zikitikisika kwa sababu ya kidonda ambacho mke alidhani mume amekileta kutoka nje, kumbe bwana wa watu alimeza vidonge vya maumivu ya mgongo. Wallahi, kabla ya kuitana wazee, mtu aulizwe kwanza kameza nini.

Maana Septrin haiko peke yake. Ibuprofen na jamaa zake wa maumivu hufanya hivyo, tetrasaiklini na doksisaiklini hufanya hivyo, Flagyl pia, na hata parasetamoli kwa watu wachache. Ukishajua kwamba yako ni salfa, ujue inajificha kwenye majina mengine. SP ya malaria, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar, ni salfa, tena inakawia sana kutoka mwilini. Iko krimu nyeupe wanayopakwa watoto walioungua na uji, nayo ina salfa ndani. Anayeishi na virusi vya ukimwi na anaandikiwa Septrin ya kila siku ya kujikinga, tafadhali amwambie mhudumu wake mapema. Zipo njia nyingine za kumkinga, na hazipatikani mpaka aseme.

Tatizo letu kubwa ni kwamba tunameza tusichokijua jina. Unakwenda dirishani unapewa bahasha ndogo ya karatasi, ndani vidonge vyeupe, juu imeandikwa "2 x 2" basi. Ukiulizwa mwezi ujao ulipewa nini, unasema vile vyeupe vya mviringo. Nakuombeni sana, msiondoke dirishani hivyo. Sema, "Samahani dada, niandikie na jina." Hakuna aliyewahi kunikatalia. Kama ni vidonge vya kwenye kadi, usikubali vikakatwa upande wenye jina. Piga picha kwa simu. Kidonda kikitokea wiki ijayo, picha hiyo ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa mbele ya daktari.

Na ukiulizwa "Una aleji?" usijibu hapana haraka haraka. Wengi tunadhani aleji ni kupiga chafya na kutoka vipele. Mdomo unaowaka kila ukinywa dawa fulani ni aleji, na inahesabika.

Doa lenyewe? Ukiiacha dawa, kidonda hupona, na weusi unafifia polepole kwa miezi, wala si lazima uishe wote. Krimu ya steroidi aliyoniandikia daktari ilituliza muwasho. Iliyoniponya hasa ni kuacha Septrin.

Liko jambo zito zaidi ya doa, na hapa nataka kila mzazi asome kwa utulivu. Dawa hizo hizo za salfa, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, alopurinoli ya gauti, na nevirapini ya virusi vya ukimwi, zinaweza kwa watu wachache kuleta maradhi yaliyoelezwa na madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, mwaka 1922, na mpaka leo yana majina yao. Mara nyingi hutokea kati ya siku 4 na 28 tangu kuanza dawa, kwa hiyo mtu huwa ameshasahau kama kuna dawa mpya. Huanza kama mafua: homa, koo kuuma, macho mekundu yanayochoma. Kisha mdomo mzima unachubuka, midomo inaganda damu, ngozi inatoa malengelenge na kubanduka. Mtu wa namna hiyo hapelekwi kwa mganga wala hasubirishwi mpaka asubuhi. Iacheni dawa aliyoianza karibuni, mchukueni hospitali kubwa usiku huo huo, na nendeni na dawa zake zote mkononi. Maradhi haya huua, na ngozi ikishabanduka, mgonjwa huuguzwa kama aliyeungua moto.

Mjomba wangu wa Mkoani yeye hakuwa na kidonda. Aliamka alfajiri mdomo wa juu umevimba, kwa kugusa ni laini, hauwashi. Jana yake alikula pweza, basi pweza akabeba lawama. Akapewa Piriton, dawa ya aleji, haikufanya kitu. Hospitali walitazama kadi yake ya presha wakakuta anameza enalapril, na ndiyo iliyomvimbisha, ingawa ameitumia zaidi ya mwaka bila ya shida. Hili ndilo linalowachanganya watu: dawa za kundi hilo, enalapril, captopril na lisinopril, zinaweza kuvimbisha midomo, ulimi au koo wiki chache baada ya kuanza, au miezi, au miaka. Sisi watu weusi linatupata zaidi kuliko wengine. Piriton haisaidii sana kwa sababu uvimbe huo hauletwi na kemikali ile ambayo Piriton inaizuia. Alibadilishiwa dawa ya kundi jingine na presha yake iko vizuri. Simwambii mtu aache dawa ya presha akabaki mikono mitupu, kiharusi hakingoji. Mdomo ukivimba, nenda siku ile ile ubadilishiwe. Ulimi ukivimba, sauti ikibadilika au pumzi ikibana, ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Pweza, kamba na kaa nao wanayo aleji yao, sikatai. Ila hiyo huja upesi, dakika chache mpaka saa mbili hivi baada ya kula, na aghalabu inakuja na vipele vya kuwasha, kutapika au kifua kubana. Kifua kikibana mgonjwa anahitaji sindano ya adrenalini hospitali.

Sasa embe. Msimu ukifika watoto wanatoka skuli midomo imewavimba, pembeni mna vipele na ngozi inachubuka, na mama anasema mtoto ana joto la tumbo. Ni utomvu. Ganda la embe na utomvu wa kikonyo vina kemikali inayoikera ngozi ya baadhi ya watu, na mkanju ni wa ukoo mmoja na mwembe, ndiyo maana maji ya ganda la korosho nayo huunguza. Vipele hutokea baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo lawama inakiangukia chakula kilicholiwa leo. Mara nyingi nyama ya embe haina kosa. Lioshe embe kwa maji, limenye kwa kisu, kata vipande, mtoto ale kwa mikono safi. Kulitoboa kwa meno na kulifyonza, utamu huo aukose. Nanasi ni jambo jingine kabisa: lina kimeng'enya kinachoyeyusha protini, ukila sana ulimi unachomachoma kwa mtu yeyote. Hiyo kwa kawaida si aleji, ingawa midomo ikivimba au vipele vikitokea, usipuuze.

Kisiwa chetu ndicho kinachotoa karafuu nyingi za Zanzibar, na pale Wawi kiko kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa hiyo kichupa cha mafuta ya karafuu hakikosekani ndani. Kwa jino linalouma mafuta hayo yana kazi, hata madaktari wa meno wanayatumia yakiwa yamechanganywa. Lakini kuyatia mafuta matupu kwenye kidonda cha shavu au ufizi ni kuongeza kidonda juu ya kidonda, yanaunguza. Mie nimeshamuuguza mtoto wa jirani yangu aliyetiwa pamba ya karafuu kwenye ulimi, akakaa siku nzima hali wala hanywi. Wako pia wenye aleji ya karafuu yenyewe au ya mdalasini, na ladha ya mdalasini imo ndani ya dawa nyingine za meno na bazoka. Ukiona ndani ya mashavu panabanduka kitu cheupe na fizi ni nyekundu tangu ulipobadilisha dawa ya meno, rudia ile ya zamani na uangalie kwa wiki mbili.

Kidonda kidogo cheupe chenye duara jekundu, kinachotokea ndani ya mdomo na kuondoka chenyewe ndani ya siku 7 mpaka 14, kinawapata watu wengi sana na hakiambukizi. Suuza kwa maji ya chumvi, epuka ndimu na pilipili, subiri. Vikiwa haviishi kurudi, pima damu uone wekundu wa damu na madini ya chuma. Na kupima virusi vya ukimwi ni kuzuri kwa kila mtu, ila kumvumishia mtu kwa sababu ya kidonda cha mdomo ni dhulma.

Limebaki la shangazi yangu. Yeye ana michirizi myeupe ndani ya mashavu yote mawili, imesukwa kama ukili, na pilipili kidogo ya urojo inamtoa machozi. Alitibiwa fangasi mara nyingi. Daktari wa meno alichukua kinyama kidogo kikapimwa, ikaonekana ni kinga yake mwenyewe inayolishambulia tabaka la ndani ya mdomo. Tatizo hili haliambukizi, haliondoki kabisa, linatulizwa kwa dawa ya steroidi ya kupaka. Kwa watu wachache, kiasi cha mmoja katika kila 100, linaweza kugeuka saratani baada ya miaka, kwa hiyo anatazamwa kila baada ya miezi kadhaa. Kilichokuwa kigumu ni tambuu. Popoo inayotiwa ndani yake imetangazwa kuwa inaleta saratani na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani tangu 2004, hata bila ya tumbaku, na kwa mdomo ulioumwa kama wake, kila mtafuno ni hatari juu ya hatari. Ameacha popoo na tumbaku. Nyumbani hatumkaribishi tena sinia ya tambuu, na wageni wameshazoea.

Kwa hiyo kidonda chochote cha mdomo kikipita wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisiloondoka, au uvimbe mgumu, nenda kwa daktari wa meno, maana mdomo wote ni kazi yake, si meno tu. Hospitali za Wete, Chake Chake na Mkoani ndiko pa kuanzia, na ukiandikiwa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, usiiweke karatasi kabatini. Chukua dawa zote unazomeza: za presha, za sukari, za maumivu ulizonunua mwenyewe, za mitishamba, na mswaki na dawa yako ya meno. Mwambie kilianza lini, kimewahi kutokea hapo hapo kabla, na ulikuwa umemeza nini. Mie ndani ya pochi nina karatasi imeandikwa jina langu, "aleji ya salfa: Septrin, SP, krimu ya kuungulia", na chini yake, "mdomo hutoa malengelenge". Nakala iko kwenye simu ya mume wangu, na nyingine nimempa dada yangu.